Uliza Fundi wa Herufi: Karne iliyogeuka kame

Mwezi uliopita niliandika hapa, kwa kupitia tu, kwamba ugumu wa kuisomesha kompyuta maandishi ya karatasi hauko katika kuitambua herufi. Uko katika kujua herufi moja inaishia wapi na jirani yake anaanzia wapi. Barua zimemiminika. Maswali ya wino wa printa na ya majalada yanayobanduka yatasubiri.

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba yangu aliandika kijitabu cha kurasa 48 juu ya mashamba ya mkonge ya huku kwetu, kikachapwa mwaka 1971. Nakala imebaki moja. Mwanangu ameipiga picha kwa simu na kuipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi. Ikatoa "rnkutano", "rntoto", "clada", "vvafanyakazi". Akaiamuru kompyuta ibadilishe kila "rn" iwe "m". Nilifurahi, mpaka nilipofika mahali panaposema mkonge uliletwa "mwishoni mwa kame ya 19". Tumekosea wapi? (Mwalimu mstaafu, Muheza)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hiyo "kame ya 19" nimecheka nayo peke yangu kama mwehu, maana mkonge wenyewe ni mmea wa kuvumilia ukame. Baba yako yuko sahihi: Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya kwanza mwaka 1893. Aliyeharibu ni herufi m.

Nilianza kupanga herufi za risasi mwaka 1974, katika kiwanda kimoja cha uchapaji Dar es Salaam. Kila herufi ilikuwa na kipande chake, na hata gizani (umeme ulikuwa ukikatika, kama leo) kidole kilijua hii ni m na hizi ni r na n. Lakini kipande kikishabusu karatasi kinachobaki ni wino, na mashine haijui habari za vipande vyangu. Inauona wino tu.

Tuifuate picha uliyonitumia. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba yake: 0 ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe pe, na katikati kuna kijivu cha kila namna. Kazi ya kwanza ya programu ni kuamua lipi wino na ipi karatasi, kwa hiyo inaweka kizingiti: kilicho chini ya namba fulani ni wino, cha juu yake ni karatasi. Mjapani Nobuyuki Otsu alieleza mwaka 1979 namna ya kukipata kizingiti hicho bila kubahatisha. Unajaribu kila namba, unachagua ile inayozigawa nukta katika makundi mawili yaliyotengana kuliko namba nyingine zote. Njia hiyo bado inatumika sana, na karatasi ikiwa na mwanga ulio sawa inafanya kazi safi. Picha yako, hata hivyo, ina kivuli cha mkono wa mpigaji upande wa kulia. Kizingiti kimoja kwa ukurasa mzima hapo ni kama shati moja kwa mtoto na baba yake. Kikifaa kushoto, herufi za kulia zinavimba na kugandana. Kikifaa kulia, za kushoto zinakonda na kukatika. Ziko programu zinazoweka kizingiti kipya kwa kila kipande kidogo cha ukurasa, lakini rahisi zaidi ni kumwambia kijana akapige picha karibu na dirisha, asubuhi, bila taa ya nyuma yake.

Wino ukishatengwa na karatasi, kila fungu la weusi ulioshikana linakuwa kisiwa. Herufi a ni kisiwa kimoja. Herufi i ni visiwa viwili, mwili na nukta yake, na j vilevile. Mashine inapita juu ya mstari ikihesabu nukta nyeusi katika kila safu ya wima; pasipo na hata moja ni mlango bahari kati ya kisiwa na kisiwa, na hapo inapitisha kisu. Njia hii ni ya kizamani, na kwa chapa safi inatosha.

Sasa itazame m ya kijitabu chako, iliyopigwa kwa herufi zilizochakaa. Miguu mitatu, matao mawili. Tao la kwanza linapokaribia mguu wa kati, wino unakuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Uzi ukikatika, kushoto kunabaki mguu mmoja na kipande cha tao, nayo ni r kamili. Kulia kunabaki miguu miwili na tao lake, nayo ni n. Mashine imesoma vizuri kabisa kitu kilichokatwa vibaya. Na kinyume chake hutokea pia: r ikiegemea n kwa ncha ya wino uliotapakaa, visiwa viwili vinakuwa kimoja chenye miguu mitatu. Hiyo ndiyo "karne" inayogeuka "kame". Kwa hiyo kame yako ina wazazi wawili wanaoweza kushukiwa, mashine au amri ya mwanao, na ukiitazama peke yake huwezi kujua ni ya nani.

Wataalamu waliliona hili mapema. Programu ya Tesseract, iliyoanzia kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuachiwa watu wote bure mwaka 2005, katika matoleo yake ya zamani ilifanya kama mpishi asiyeamini kipimo: inakata kisiwa penye kibonyeo, inaonja, yaani inauliza kipande hiki kinafanana na herufi gani na kwa uhakika kiasi gani, kisha inaunga tena na kuonja upya. Mwisho inachukua mfululizo wa vipande uliopata alama nzuri, na kamusi nayo ina kura. Shikilia hapo kwenye kamusi. Kijana wako ameniambia hakugusa mpangilio wa lugha, ukabaki Kiingereza. Basi "mkutano" na "rnkutano" kwa mashine yote ni maneno ya kigeni, hakuna la kuliombea jingine. Mwambie achague Kiswahili. Tesseract inacho, kwa alama "swa", na programu nyingi za simu zinacho.

Na Kiswahili kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu silabi zetu zina adabu. Herufi c haitembei bila h, kwa hiyo "cl" popote uionapo ni d iliyokatika tumbo. Badilisha bila kuuliza. "vv" ni w. "rn" ni m karibu kila mara, na hapo ndipo ulipoponzwa, maana tunalo neno karne, na tunayo majina ya ubatizo: Bernard akawa "Bemard", Ernest akawa "Emest". Fanyeni hivi. Rudini kwenye matokeo ya kwanza, kabla ya amri ya kijana. Tafuteni "karne" zote na kuziandika "kar#ne". Majina yenye rn nayo muyatilie alama hiyo. Ndipo muamuru rn zote ziwe m, kisha muondoe alama. Halafu tafuteni kila "kame" na kuisoma na jirani zake: "ardhi kame" iacheni, "kame ya" ni karne. Katika kurasa 48 hamtapata hata ishirini.

Mawili zaidi niliyoyaona kwenye kurasa zako. Katika sanduku letu la herufi kulikuwa na chumba maalumu cha "fi" iliyomiminwa pamoja, kwa sababu kichwa cha f kilikuwa kinainamia nukta ya i na kuvunjika. Kwa macho ni herufi mbili, kwa wino ni kisiwa kimoja. Programu nyingine huitoa kama alama moja ya pekee, na ukitafuta "fika" au "fisi" kompyuta inakwambia hakuna, ilhali unaiona mbele yako. Andika f na i kwa mkono mahali pa alama hiyo. La pili ni kufuta vumbi. Kijana aliwasha kitufe cha kusafisha madoa, nacho kimefagia alama ya ng' pamoja na vumbi. Ndiyo maana vibarua wa baba yako, badala ya kung'oa mkonge mzee, "wanangoa" mkonge, na ngoa kwa watu wa Mrima ni jambo jingine kabisa.

SWALI: Mzee Fundi, natunza kumbukumbu za chama cha ushirika. Tuna mihtasari ya vikao vya zamani, nakala za kaboni zilizopigwa kwa taipureta, herufi zimevimba na kugandana. Nimekata tamaa. (Katibu, Iringa)

JIBU: Usikate tamaa, una bahati kuliko Mwalimu wa Muheza. Taipureta ni mashine yenye haki: i na m zinapewa nafasi sawa. Gari lake linasogea hatua ileile kwa kila herufi. Chukua rula, hesabu herufi katika inchi moja ya mstari. Ukipata 10, kila herufi inakaa ndani ya milimita 2.54. Ukipata 12, ni kama milimita 2.1. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, la kwanza ni pikseli 30 kwa herufi, la pili ni 25. Wino ukigandana kiasi gani, mpaka unajulikana kwa hesabu: kata kila baada ya pikseli 30. Na rn haiwezi kujifanya m hapo, kwa sababu rn itakalia vyumba viwili na m kimoja.

Ila uwe mkali na mambo mawili. Kwanza karatasi isilale upande. Mstari wa taipureta una urefu wa sentimita 17 hivi. Ukiinama kwa digrii moja tu, ncha yake inapanda milimita 3. Kutoka mstari hadi mstari, kwa nafasi moja, ni milimita 4.2. Digrii moja na nusu na kisu chako kinakata vichwa vya mstari wa chini na miguu ya mstari wa juu kwa pamoja. Kioo cha dirisha kilichowekwa juu ya karatasi kinainyoosha vizuri. Mimi natumia kioo cha fremu ya picha ya harusi, na mama watoto hajui.

Pili, njia unayotumia kunitumia picha. Umezituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na WhatsApp inazipunguza. Herufi ya pikseli 30 ikipunguzwa kwa nusu inabaki 15, na pengo la pikseli mbili kati ya herufi na herufi linakuwa la pikseli moja, tena la kijivu, ambalo kizingiti kitalihesabu kuwa wino. Tuma kama dokumenti. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, kiasi ambacho kamera za simu nyingi za leo zinakimudu, mradi ukurasa ujaze picha, usionekane na meza na kikombe chako cha chai.

Palipopigwa xxxx juu ya neno lililokosewa, niachie. Hapo hata mimi huwa nakisia.

SWALI: Kwa nini fomu hutulazimisha kuandika herufi kubwa ndani ya visanduku? (Kijana, Kisumu)

JIBU: Kwa sababu wewe ndiye unayefanywa kisu. Kisanduku kimoja, herufi moja, na kazi ya kutenga imeisha kabla fomu haijafika ofisini. Ukiona visanduku vya rangi hafifu, nyekundu au machungwa, ujue vimetengenezwa hivyo ili skana ivipoteze na kubakisha wino wako peke yake. Fungua pasipoti yako, tazama chini ya ukurasa wa picha: mistari miwili ya alama 44 kila mmoja, zote za upana sawa, na alama za < zikijaza pasipo jina. Ni ujanja uleule wa taipureta. Na tafadhali, usiandike 7 inayoruka ukuta na kuingia nyumba ya jirani.

SWALI: Fundi, nasoma kompyuta chuoni. Mhadhiri wetu anasema kukata herufi moja moja ni mambo ya makumbusho, siku hizi mashine husoma mstari mzima. Wewe unatupotosha? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Mhadhiri wako ana haki kwa sehemu kubwa, mpe salamu. Mwaka 1973 Kenneth Sayre alieleza fundo ambalo sasa linaitwa kwa jina lake: neno la mwandiko wa kuunganisha huwezi kulisoma kabla hujalikata, na huwezi kulikata kabla hujalisoma. Mwalimu wa Muheza amelikuta fundo hilohilo kwenye karne na kame bila kwenda chuo. Mwaka 2006 Alex Graves na wenzake wakatoa njia ya kulizunguka. Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi, unapita juu ya mstari ukanda kwa ukanda, na kwa kila ukanda unataja herufi inayodhaniwa, au unatoa alama ya ukimya. Hakuna anayeuambia mpaka uko wapi. Baadaye herufi zilizojirudia mfululizo zinakunjwa kuwa moja na ukimya unafutwa: k k k, ukimya, a a, ukimya, k, a a, inabaki "kaka". Tesseract yenyewe ilihamia kwenye mtandao wa namna hiyo toleo la 4, mwaka 2018.

Lakini angalia neno "saa". Kama ukimya haukupita katikati ya a na a, mkunjo unazifanya moja, na saa yako inakuwa "sa". Kondoo anakuwa "kondo", mzee anakuwa "mze". Mtandao uliofunzwa vizuri unajifunza kunyamaza hapo katikati. Sasa niambie, mwanangu, kunyamaza kati ya a mbili ni nini kama si kuweka mpaka? Kisu kimeingia mfukoni, hakijatupwa. Na kabla ya yote hayo bado mtu au programu lazima autenge mstari na mstari, safu na safu, picha na maandishi. Gazeti la safu tano likisomwa moja kwa moja kuanzia kushoto hadi kulia linatoa tangazo la kifo lililochanganyika na matokeo ya mpira. Nimeliona kwa macho yangu.

Ukitaka mazoezi, anza na mkusanyo wa MNIST: tarakimu 60,000 za kufundishia na 10,000 za kujaribia, kila moja katikati ya mraba wa pikseli 28 kwa 28. Utapata alama nzuri jioni ileile. Kisha andika namba yako ya simu kwa kalamu, haraka haraka kama mtu anayekimbilia basi, na uiombe programu yako iisome. Hapo utagundua aliyekukatia tarakimu zile 70,000 ndiye aliyekufanyia nusu ya kazi.

SWALI: Assalaam alaykum Fundi. Nina barua za bibi yangu, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kurasa kumi na moja. Ipo programu ya kunigeuzia ziwe za Kirumi? (Binti, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam, binti. Hapa visiwa vinafuata sheria nyingine. Katika hati hiyo herufi zinashikana mikono, isipokuwa sita zisizompa mkono anayefuata: alifu, dali, dhali, ra, za na wau. Kwa hiyo neno "dada" linakaa vipande vipande, kila dali peke yake. Lakini "kitabu", likiandikwa kwa alifu na wau, linakuwa mafungu mawili: kafu, te na alifu pamoja, kisha be na wau pamoja. Pengo la ndani ya neno na pengo la kati ya neno na neno vinalingana, na kwa mwandiko wa bibi yako, aliyekuwa akibana karatasi, mara nyingine la ndani ndilo kubwa.

Zaidi ya hapo kuna nukta. Katikati ya neno, be, te, the, nuni na ye zote ni kijino kilekile. Zinatofautishwa na nukta, moja chini, mbili juu, tatu juu, moja juu, mbili chini. Nukta ni kisiwa kidogo kinachoelea, na kalamu yenye haraka huiacha ikae juu ya jirani. Programu ikiipa mwili usio wake, neno limebadilika. Ikiifagia kama vumbi, neno limekufa. Na hata ikitenga kila kitu sawasawa, waandishi wengi wa zamani walitumia be hiyohiyo kwa b na kwa p, hata kwa mb. Mashine itakupa "be" iliyo sahihi, na bado hujui kama bibi aliandika "bata" au "pata".

Programu za Kiarabu zipo, lakini zimefunzwa maneno ya Kiarabu, na zitamlazimisha bibi yako aseme Kiarabu. Kwa kurasa kumi na moja nisingehangaika. Skani kila ukurasa kwa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi, usiufanye mweusi na mweupe, ili nukta zilizofifia zisipotee. Kisha umeniandikia kwamba shangazi yako wa Shela bado anazisoma bila miwani. Mpelekee zile karatasi zenyewe, weka simu mezani ikirekodi, azisome kwa sauti. Akisita mahali, andika namba ya ukurasa na mstari, unitumie picha ya hapo tu. Nitamuuliza jirani yangu mmoja, mzee wa Pate, ambaye kwa be na pe hajawahi kushindwa.